Siku Nilipowarukisha Watumishi kwa Hesabu ya Saba

Kuna video fupi ambayo wengi wenu mmeiona, msijifanye, ile ya mama mmoja mwenye fulana ya bluu anageuka kulia wakati wenzake wote wanageuka kushoto, anakumbatiana na mhasibu bila kupanga, wanakwenda chini wote wawili, kofia inaruka, na nyuma yake inasikika sauti ya mwanaume kwenye kipaza sauti ikisema, "Vumilieni, sehemu nzuri inakuja." Mmeicheka, mmeituma kwenye magrupu ya ukoo, na mmoja wenu aliwahi kunitumia mimi mwenyewe akiniuliza kama hao si watu wa Dodoma. Basi huyo mwanaume wa sehemu nzuri inakuja ni mimi. Naona aibu kusema, lakini nimechoka kukaa mezani na watu wanaoicheka huku na mimi najichekesha, na tena kinachoniuma zaidi hakimo kwenye hiyo video.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mimi ni mpenzi wa muziki unaoitwa math rock, yaani roki ya hesabu, na kama hamjawahi kuusikia msijali, hapa Dodoma nadhani tulikuwa wawili, na huyo mwingine alikuwa mwanafunzi kule Chimwaga, akamaliza chuo akarudi kwao Bukoba. Ni magitaa, besi na ngoma, mara nyingi hakuna anayeimba, na uzuri wake (kwangu mimi, nisiwasemee wengine) ni kwamba hauendi moja mbili tatu nne kama muziki wa watu wenye akili zao, unakwenda tano, au saba, au nne halafu tatu, na katikati unanyamaza ghafla kama vile umeme umekatika, kisha unarudia mahali ambapo hukutegemea. Kwenye simu nina mafolda mawili, Wazee na Vijana. Wazee ni bendi za zamani, wanaume wenye hasira waliorekodi kwenye vyumba vibovu huko Amerika, gitaa linakata kama msumeno kwenye bati. Vijana ni hawa wa sasa, wengi Wajapani, wanagusa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili na sauti inatoka safi mpaka unataka kulia. Nawapenda wote. Jioni nikiwa nyumbani kwangu nahesabu kwa kidole juu ya goti, na nikiipata hesabu ya wimbo mgumu nafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupata ajira.

Tatizo ni kwamba mtu anayependa kitu kisichopendwa na mwingine anakuwa na tabia mbaya ya kutaka kuwaokoa watu. Dereva wa ofisi nilimwekea wimbo wa Wazee njiani kwenda Mtera, akasimamisha gari kuangalia kama kuna kitu kimelegea kwenye injini. Mchumba wangu wa wakati ule aliniuliza kwa upole kama simu yangu ilishawahi kuingia maji. Nikawa najiambia watu hawajaelewa kwa sababu wanasikiliza wamekaa, kichwa kinabisha, ila siku wakiusikia wakiwa wanacheza, mwili wenyewe utaelewa kabla ya kichwa. Hiyo falsafa niliitunga mwenyewe, bafuni, na nikaiamini.

Sasa, mtu mmoja tu ofisini alikuwa anasikiliza nyimbo zangu mpaka mwisho, naye ni dada Nyemo. Mimi ni afisa Tehama kwenye taasisi moja ya serikali (jina libaki hivyo hivyo), na dada Nyemo alikuwa mhudumu wa ofisi, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, umri wake umenizidi kama miaka kumi na kidogo, anazungusha chai na mafaili kwa mkataba wa muda uliokuwa unaongezwa kila Juni, na kila Mei halali usingizi. Nilikuwa namwamkia shikamoo, naye ananiita mdogo wangu. Akileta chai akanikuta na spika yangu, alikuwa anasimama na sinia lake, anainamisha kichwa, anasikiliza. Siku moja alisikiliza wimbo wa Vijana ninaoupenda kuliko zote, ukaisha, akasema, "Huu una mguu mmoja mfupi, lakini unatembea." Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Dada Nyemo ndiye aliyekuwa anaongoza mazoezi ya viungo ya klabu yetu ya jogging kila Jumamosi. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, ni kwamba Jumamosi moja mwalimu wa kukodi hakutokea, watu wakaanza kurudi kwenye magari, yeye akapanda juu ya tofali akasema "nane za kulia," na toka siku ile hakuna aliyemkumbuka yule mwalimu. Alikuwa na sauti inayofika nyuma bila kipaza. Wakubwa wenye vitambi waliruka aliposema waruke, na Mama Mkurugenzi mwenyewe, ambaye ofisini hakuna anayemwangalia machoni, alikuwa mstari wa mbele akihema na kutii. Ndipo likaja bonanza la watumishi, taasisi kadhaa uwanja mmoja, na Mama Mkurugenzi wetu ndiye mgeni rasmi. Akamwita dada Nyemo ofisini kwake nikiwa hapo hapo narekebisha printa, akamwambia kwamba taasisi inatafuta mratibu wa michezo, ajira ya kudumu, na kwamba bonanza likienda vizuri yeye ataandika barua ya kumpendekeza. Dada Nyemo alisema asante mara nne, akatoka, akaniachia hapo juu ya printa chai iliyokuwa ya mkurugenzi. Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu aseme sikujua.

Muziki ukawa jukumu langu kwa sababu spika kubwa zinatunzwa chumba cha Tehama. Dada Nyemo akaniletea orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, mwandiko wake wa taratibu, nyimbo tisa, zote za kurukia, na chini kabisa ameandika, "Festo aongeze mmoja anaoona yeye." Alifanya vile kwa wema, najua, alitaka na mimi nijisikie nimo. Na mimi nikauangalia ule mstari siku mbili. Mtu mwenye akili angeongeza singeli, au kwaya iliyochangamka, akaenda kulala. Mimi nikaenda kwenye folda la Vijana nikachukua ule wimbo wenye mguu mmoja mfupi, nikauweka wa sita, pale ambapo miili imepata moto na watu hawajachoka. Sikumwambia. Nilitaka ashangae na yeye, nilitaka watu wote washangae kwa pamoja.

Siku yenyewe upepo wa Dodoma wa mwezi wa tano ulikuwa unapiga, vumbi jekundu, maturubai yanapepea, meza kuu ina vitambaa vilivyobanwa na chupa za maji. Dada Nyemo alikuwa juu ya jukwaa dogo na fulana mpya, nywele kazisuka upya, na mbele yake mistari na mistari ya watumishi, mstari wa kwanza wakubwa, Mama Mkurugenzi katikati, kulia kwake Mhasibu Mkuu. Nyimbo tano za kwanza zilikwenda vizuri kiasi kwamba hata askari wa getini alikuwa anaruka. Mpangilio wake ulikuwa rahisi, nane za kulia, kwenye moja unageuka na kuruka, nane za kushoto, unageuka tena, na yeye anahesabu kwa sauti. Nikamwona Mama Mkurugenzi akimwinulia dole gumba katikati ya kuruka, na dada Nyemo akatabasamu mpaka huku mezani kwangu nikaona. Hapo ndipo wimbo wa tano ukaisha na wa sita ukaanza.

Niwaeleze kwa hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyotuua. Yeye anahesabu nane, wimbo unahesabu saba. Alipofika nane, ngoma ilikuwa imeshaanza moja, na kwenye moja ya wimbo ule kuna kishindo kikubwa kinachomwambia kila mwenye miguu kwamba ruka sasa. Nusu ya watu waliruka na ngoma, nusu wakamsubiri yeye, wale wa ngoma wakageuka wakakutana uso kwa uso na wale wa kumsubiri. Raundi ya pili ikazidi, maana sasa walikuwa wamepishana mbili. Watu wakaanza kuangaliana miguu. Dada Nyemo akatulia kidogo, akainamisha kichwa vile anavyofanya na sinia, nikamwona midomo inacheza, na sasa hivi ninavyowasimulia najua alikuwa anafanya nini, alikuwa anaitafuta hesabu, na angeipata kama angeachwa.

Sikumwacha. Nilichukua kipaza sauti cha mshereheshaji (hakuna aliyenipa, kilikuwa mezani) nikaanza kuhesabu mimi, "moja mbili tatu nne, moja mbili tatu," kwa furaha, nikiamini nawasaidia, kwa hiyo sasa uwanja ulikuwa na sauti tatu, ya wimbo, ya kwangu na ya dada Nyemo, na watumishi wa umma wamezoea kutii kipaza sauti. Halafu wimbo ukafika pale unaponyamaza. Kimya. Watu mia na zaidi wako hewani bila muziki, vishindo vya raba vinashuka kimoja kimoja, mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Ningezima pale ingekuwa hadithi ndogo ya kuchekea chai. Mimi nikasema lile neno mlilolisikia, vumilieni, sehemu nzuri inakuja, na sehemu nzuri ikaja kwa kishindo, Mama Mkurugenzi akageuka kulia peke yake, na mengine mnayo kwenye simu zenu.

Kifundo cha mguu kilitenguka. Alibebwa kwenye kiti cha plastiki na vijana wanne, bado kofia haijapatikana, na uwanja mzima una ile kelele ya watu wanaojizuia kucheka na hawawezi. Mimi nilikuwa nahangaika na kompyuta, nabonyeza nisichokijua, wimbo unaendelea na gitaa lake tamu. Dada Nyemo ndiye aliyeshuka jukwaani akachomoa waya. Kisha akarudi pale juu, peke yake, akawaomba watu radhi, akasema amepotea hesabu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema yeye ndiye aliyepotea hesabu. Akaniangalia mara moja, kama anangoja kitu, nikainama kukunja nyaya.

Jumatatu barua zikaja. Mnajua serikalini tunavyofanya, mtu akianguka lazima karatasi isimame, na Afisa Utumishi alitaka maelezo ya maandishi kutoka kwa kila aliyehusika, nani aliandaa nyimbo, nani alizipitisha. Video ilikuwa imeshatembea mpaka kwa wakubwa wa wakubwa. Nilikaa mbele ya kompyuta kuanzia saa tatu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Niliandika kwanza ukweli, mistari mitatu, nikausoma, nikaona jina langu linavyokaa kwenye ile sentensi, na nilikuwa nangoja kupandishwa cheo mwaka ule ule, nikafuta. Nikaandika upya: "Orodha ya nyimbo iliandaliwa na kiongozi wa mazoezi. Mimi nilihusika na kuzicheza kwa mujibu wa orodha hiyo, nakala imeambatishwa." Na nakala niliitoa kweli, niliiweka ile karatasi ya daftari kwenye mashine, ila niliiweka juu kidogo, kiasi kwamba nyimbo tisa zilitokea na ule mstari wa chini haukutokea. Wimbo wangu haukuwemo kwenye zile tisa, lakini hakuna aliyejua jina lake, kwa hiyo hakuna ambaye angegundua. Mashine ile mimi ndiye ninayeitengeneza. Najua karatasi inakaa wapi.

Naogopa mtaniuliza kama nililala. Nililala, tena vizuri, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi nikikumbuka. Dada Nyemo naye aliitwa, akasomewa maelezo yangu, akaambiwa aandike ya kwake, na nilikuja kuona baadaye kwenye faili kwamba aliandika sentensi moja tu, kwamba alipotea hesabu na anaomba radhi. Hakunitaja. Juni ilipofika mkataba wake haukuongezwa, na nafasi ya mratibu wa michezo wakamleta kijana kutoka taasisi nyingine, ana shahada, anafanya mazoezi kwa kutazama simu. Siku ya mwisho dada Nyemo aliniletea chai kama kawaida, akaiweka mezani, akasema, "Haya mdogo wangu." Nikasema asante dada. Spika ilikuwa imezimwa.

Ilinichukua mpaka mwezi wa nane kumtafuta. Nilisikia yuko Makutupora kwa ndugu zake, anavuna zabibu za watu msimu huu, nikaenda Jumamosi asubuhi na ile karatasi ya daftari kwenye bahasha, yote, na mstari wake wa chini. Nilimkuta katikati ya shamba na wanawake wengine watatu, mkasi mkononi, kreti zimepangwa chini, nyuki wengi. Nikamwamkia. Alikata kichala, akakiweka kwenye kreti, akakata kingine, ndipo akasema marahaba.

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu, ikaniishia kwenye neno samahani. Nikampa bahasha. Aliitoa karatasi, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, akafika chini, akairudisha ndani ya bahasha.

"Sasa niipeleke wapi?" akaniuliza.

Nikasema nitaipeleka mwenyewe kwa Afisa Utumishi, nitaeleza yote, nitaandika upya. Alinijibu kwamba mtu wa nafasi ile ameshaapishwa na ameshapewa meza, kwamba nikiandika nitakuwa nimejisafisha mimi, na kwamba kama nataka kujisafisha nisiende kwa jina lake. Hakupandisha sauti. Wale wenzake walikuwa wanakata zabibu wakijifanya hawasikii. Kisha akaniuliza kama ule wimbo bado ninao. Sikuelewa ananitakia nini, nikadhani anataka nione aibu zaidi, nikatoa simu nikauweka kwa sauti ndogo juu ya kreti.

Alisikiliza kichwa kimeinama. Raundi mbili tu. Kisha akaanza kugonga mkasi kwenye ubavu wa kreti, ule mkono wa kike wa Kigogo uliozoea ngoma toka utoto, akagonga pale pale panapostahili, nne za kushuka na tatu za kupanda, na wimbo uliponyamaza yeye hakunyamaza, akazihesabu zile za kimya kwa kidevu, ukarudi akawa nao. Mama mmoja wa mstari wa pili akamwuliza kitu kwa Kigogo, akamjibu, na yule naye akashika, na wa tatu, na wa nne, wanakata vichala kwa saba, bila hata mmoja kukosea, wanacheka kidogo. Miaka yote niliyokaa Dodoma nilikuwa natafuta watu watakaousikia ule muziki ninavyousikia mimi. Nilisimama pale na viatu vya ofisini nikashindwa kufurahi.

"Ni saba," dada Nyemo akasema. "Ungeniambia tu kwamba ni saba. Ningewarukisha kwa saba wote, na mkurugenzi wako ndani."

Akanirudishia simu na bahasha, akasema ana mstari wa kumaliza kabla jua halijawa kali.

Bahasha ninayo mpaka leo, kwenye droo ya ofisini, chini ya nyaya. Cheo nilipandishwa. Nimejiapiza kwamba sitamwekea tena mtu wimbo bila kumwambia kwanza unahesabiwa ngapi, na hiyo nimeitimiza, mpaka dereva ananishangaa. Nimejiapiza pia kwamba siku nikitakiwa kuandika maelezo, jina langu litakaa mstari wa kwanza. Hiyo ya pili bado sijaombwa, kwa hiyo sijui.